Kiputo Kiko Katikati

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa daftari hili bure. Jipya, jalada gumu. Tangu nije mji huu sijapewa kitu kipya ila kofia ngumu ya kazini, nayo niliikuta na nywele za mtu ndani.

Ilikuwa hivi. Mapumziko ya saa sita, jua limewaka. Pale tunapojenga hosteli mpya ya chuo hakuna kivuli ila cha nyapara, na kile hakikaliwi. Nikavua ovaroli, nikajipenyeza kwenye ukumbi wa masomo, kiti cha nyuma kabisa, chini ya feni. Nia yangu ni kulala dakika ishirini tu. Akaingia mama mmoja mwenye miwani. Wanafunzi wakamwita Daktari. Nikasema moyoni, huyu atanitoa. Hakunitoa! Akanipa karatasi kama wengine. Akasema anafanya utafiti juu ya wanafunzi na pombe, na jinsi mtu anavyojiona mwenyewe. Ujaze maswali, halafu upewe daftari, uandike kila siku umekunywa nini na umejionaje. Tuandike bila kuficha, akasema, yeye hayuko pale kuhukumu mtu.

Miaka kumi na moja nabeba zege. Hakuna aliyewahi kuniuliza najionaje. Watu huniuliza nilikuwa wapi na kwa nini nimechelewa. Basi nikajaza yote, sikuruka hata moja. Unakunywa mara ngapi? Nikajaza. Umewahi kusahau yaliyotokea ulipokuwa umelewa? Nikajaza yale ninayoyakumbuka. "Kunywa ni sehemu ya jinsi nilivyo." Nikaweka alama kwenye nakubali kabisa, nikaipitia mara ya pili ili wino ukolee. Penye jina nikaandika Profesa. Wanafunzi ndivyo wanavyoniita.

Mwisho kulikuwa na mistari kumi mitupu, kila mmoja umeanza na "Mimi ni". Nikaandika: Mimi ni mwanamume. Mimi ni mume wa mtu aliye mbali. Hapo nikakwama. Daktari akasema tusihangaike, iliyobaki tumalizie kwenye daftari, ukurasa wa juu una mistari ileile.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Fundi mmoja kaacha kazi. Mwiko wake wa kujengea umebaki hauna mtu. Nyapara katangaza kwamba atampa saidia fundi mmoja, siku ya Jumamosi, kwa mtihani: kila mtu ajenge kona ya matofali, mistari saba, na iliyonyooka ndiyo itakayoshinda. Tunaoutaka ni wawili. Mimi, na mwenzangu tunayemwita Chai kwa sababu hanywi kitu kingine. Ameokoka. Ananiita ndugu yangu mpendwa mbele za watu. Anapimia uzi uliofungwa jiwe! Mimi ninayo pimamaji yangu, ya bati, yenye kioo cha maji na kiputo ndani, niliachiwa na fundi wangu wa kwanza. Ncha moja nimeipaka rangi nyekundu, nayo hukaa kushoto siku zote. Ndivyo alivyonifundisha, wala sijawahi kumgeuka.

Nikiupata mwiko nitakuwa fundi. Nyumbani nimewaambia mimi ni fundi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo sitafuti cheo. Natafuta kuacha kuwa mwongo, na hilo mtu yeyote angeliunga mkono. Isipokuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Huyo ameomba picha yangu nikiwa na mwiko mkononi. Anaomba kila wiki.

Naandika juu ya meza ya kambini. Mguu mmoja ni mfupi. Kalamu inabingirika kwenda kushoto, nimeshaiokota mara tano. Meza ya kijinga.

Kunywa leo: vikombe viwili. Au vitatu. Havikuwa na ukubwa mmoja.


Jumanne, 5 Machi

Nieleze habari ya uprofesa.

Chini kabisa ya hosteli tunayoijenga kuna chumba kisicho na dirisha, kitakuja kuwa cha kufulia. Kila alasiri tukishaacha kazi, wanafunzi huingia humo kunywa. Mabwenini hawawezi, kuna mlezi wa hosteli, mama mwenye pua ya kazi. Kwenye jengo letu mlezi hawezi kuingia bila kofia ngumu. Na kofia ngumu ninazitunza mimi. Wanafunzi wakija, kofia zipo. Mlezi akija, zimekwisha. Jana nilimwambia kwa masikitiko makubwa kwamba zote ziko kichwani mwa watu. Sikudanganya.

Kwa wema huo wananimiminia. Siku ya kwanza niliwaona wanachanganya vinywaji kwenye ndoo ovyo ovyo, nikawafundisha kipimo cha zege: moja, mbili, nne. Pombe kali moja, bia mbili, soda nne. Wakanishangilia, wakanibandika Profesa. Kule juu kwenye kiunzi naitwa Karai, jina la chombo ninachobebea. Mtu akiniuliza nachagua jina gani, sihitaji muda wa kufikiri.

Mkubwa wao ni kijana mmoja mrefu, mwaka wa pili, anasomea sheria. Wanamwita Rais. Chuo kizima kinamjua, hadi walinzi na mama wauza vitumbua. Anameza chupa nzima bila kupumua. Akiingia, chumba kinasimama. Ananiita mjomba, na akiniita hivyo mbele ya wenzake nasikia mgongo umenyooka.

Yupo pia binti wa uuguzi, wanamwita Sindano. Huyo huja na chupa ya maji na kitabu. Sijui nani alimwalika.

Leo nyapara kaninusa. Akaniambia wewe Karai, Jumamosi ukinukia hivyo hata tofali moja hutaligusa. Nikamwambia ni dawa ya kikohozi. Akauliza ni kikohozi gani hakisikiki. Nikakohoa. Chai akasema ataniombea. Nikamwambia aombee uzi wake usikatike.

Kunywa leo: kulingana na kipimo.


Jumatano, 6 Machi

Siku kuu katika maisha yangu! Nimevumbua.

Wanafunzi walikuwa wanabishana nani kalewa na nani bado. Kila mmoja anasema si mimi. Mmoja alisema si mimi akaanguka juu ya mifuko ya saruji. Nikasimama. Nikawaambia hawa wanaojiita wasomi wanabishana kwa midomo wakati vipo vyombo. Nikatoa pimamaji yangu. Nikaeleza: unailaza juu ya kofia, ncha nyekundu kushoto kama inavyotakiwa, unatembea kutoka ukuta huu hadi ule. Mimi natembea ubavuni nikitazama kioo. Kiputo kikibaki kati ya mistari miwili, u mzima, unaongezewa kikombe. Kikitoka nje, unakaa chini.

Wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Rais alitembea kama amemeza reli. Kiputo hakikutikisika! Akaongezewa. Akatembea tena. Akaongezewa. Akaniinua juu juu akasema mjomba huyu angezaliwa kwingine angekuwa waziri.

Sindano akafunga kitabu. Akasema kipimo changu ni cha hatari. Eti aliyezoea pombe anaweza kusimama wima kama nguzo huku ndani anakufa, na kwamba Rais ndiye wa kuogopewa kuliko yule aliyelala kwenye saruji, maana mwili wa yule umekataa mapema. Nikamuuliza kwa heshima kama yeye ana pimamaji. Akasema hana. Mjadala ukaishia hapo.

Mstari wa tatu: Mimi ni mvumbuzi.

Kunywa leo: nilipita mara nne.


Alhamisi, 7 Machi

Habari mbaya ndogo na habari njema kubwa.

Ndogo: mpumbavu mmoja wa mwaka wa kwanza aliazima pimamaji yangu akaonyeshe wenzake, ikamponyoka kwenye ngazi, ikashuka ghorofa mbili ikigonga kila kipandio. Nilisikia kila kimoja kifuani. Bati halikupinda. Kile kioo chenye kiputo kilichomoka tu kutoka kwenye tundu lake, hakikupasuka. Nikakirudisha kwa gundi ya viatu. Nikafumba jicho moja, nikatazama. Sawasawa kabisa! Jicho langu limetazama kuta nyingi kuliko nyapara alivyotazama saa.

Kubwa: Daktari amegawa bahasha za majibu kule ukumbini. Kila mtu yake, imefungwa. Nimeifungua chooni. ALAMA 31 KATI YA 40. Chini yake ameandika kwa mkono: Tafadhali njoo tuonane ofisini.

Thelathini na moja! Mimi niliyeacha shule kidato cha pili! Nikawauliza wengine kwa ujanja. Rais amepata ishirini na nne, na ameichana karatasi yake. Wengine kumi na mbili, kumi na tano. Sindano, anayelala na kitabu, amepata tatu. Tatu! Sikumcheka. Nilimshika bega nikamwambia asikate tamaa, ajitahidi tu, hata mimi sikuanza hapa nilipo.

Nikamwandikia shemeji ujumbe: nimefanya mtihani wa chuo, nimeongoza. Akajibu: mtihani wa nini? Nikamwambia saikolojia. Akanyamaza saa nzima. Raha iliyoje, mwalimu akinyamaza! Kisha akaandika: hongera, na ile picha ya mwiko vipi.

Saa nane Daktari mwenyewe akaja hadi kwenye jengo, kofia ngumu kichwani, akamuuliza nyapara kama anamfahamu mtu aitwaye Profesa. Nyapara alicheka mpaka akakaa kwenye tofali. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, karai limejaa. Nikalishusha mpaka puani. Zege likanitiririkia shingoni, limeganda huko hadi sasa. Sikuona haya kuwa mbeba zege. Nilitaka tu anikute siku ambayo sijabeba.

Keshokutwa mtihani. Nitakuwa Profesa chini na fundi juu.

Kunywa leo: mtu aliyeongoza hahesabu.


Ijumaa, 8 Machi

Ijumaa tunaacha kazi saa nane. Wanafunzi walikuwa wamekwisha andaa ndoo kusherehekea alama zangu na kunitakia heri ya kesho. Rais alitoa hotuba. Alisema mjomba amethibitisha kwamba elimu haina umri. Nikalia kidogo.

Tukaanza na pimamaji. Ajabu! Kila mtu akaanguka safari ya kwanza. Hata ambao hawajaonja. Sindano aliijaribu na maji yake matupu tumboni, akatembea polepole kama yuko harusini, kiputo kikakimbilia upande mmoja. Nikatangaza kwamba amelewa maji. Chumba kikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema chombo kimeharibika. Nikamwambia nimesikia wengi wanaofeli wakisema hivyo.

Mmoja tu ndiye aliyepita: Rais. Tena alikwisha kunywa robo ya ndoo. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kushoto, macho yamefumba nusu, lakini kiputo katikati, tuli! Tukamwongezea. Akapita tena, kichwa kimezidi kulala. Tukamwongezea. Mara ya nne alipita akiwa ameshikwa. Mara ya tano alipita akiwa amekaa. Nikasema kijana huyu ni chuma.

Kisha chuma kikateleza ukutani, taratibu, kikalala.

Nilisema tumwache alale. Naandika ukweli, daftari linataka ukweli. Nilisema ataamka. Wote walisema hivyo. Sindano alipiga magoti, akamtikisa, akamfinya sikio, hakujibu. Akahesabu pumzi zake. Akasema ni chache mno, na midomo inageuka rangi. Akamlaza ubavu ili asipaliwe na matapishi. Akaniambia, "Profesa, toroli! Sasa hivi!" Niliona wenzake wanavua kofia ngumu na kuziweka chini vizuri, mmoja mmoja, na kuondoka. Nilikwenda kuchukua toroli.

Nimesukuma toroli miaka kumi na moja. Mzigo ule sijawahi kuusukuma. Miguu yake mirefu ilining'inia mbele. Sindano alikimbia pembeni amemshikilia shingo isipinde. Tukapita katikati ya chuo, mchana kweupe. Tukapita mbele ya mlezi, akaziba mdomo kwa mkono. Tukapita mbele ya ofisi ya Daktari, naye alikuwa dirishani. Ovaroli mwilini, zege shingoni. Amenijua.

Kwenye zahanati ya chuo wakamtundikia maji na kumwekea hewa. Muuguzi wa zamu akashika kalamu akauliza jina la mgonjwa. Nikamwambia Rais. Akauliza rais wa nini. Nikamtazama Sindano, naye akanitazama mimi. Mwaka mzima wanakunywa naye, hakuna anayejua jina lake! Nikapekua mifuko yake, nikakuta kifungulio cha chupa na ile bahasha ya Daktari, tupu. Muuguzi akaandika: Rais, jina halifahamiki. Akanigeukia, "Na wewe kaka, ni nani wake?" Nikataka kusema profesa wake. Akatazama mabuti yangu. Nikasema mjomba.

Nikakaa kwenye benchi. Mjomba hawezi kuondoka. Jua lilipokuwa linazama akakohoa, akatapika, akamtukana muuguzi. Muuguzi akasema vizuri sana, matusi ni dalili njema. Akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunatafuta ndugu zake kwa sababu nyingine. Nilitoka nje nikaegemea toroli.

Mstari wa nne: Mimi ni mjomba wa mtu.

Kunywa leo: kidogo, kabla ya saa tisa. Baada ya hapo nilisahau.


Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka mkavu, bila tone tumboni. Sikumbuki mara ya mwisho. Mikono ilikuwa inatetemeka, ulimwengu una kelele, hata ndege. Nyapara akaninusa, akaninusa tena, akaita fundi mwingine naye aninuse. Wakakubaliana kwamba sinuki. Chai akasema Bwana asifiwe.

Tukaanza saa mbili. Kona mbili, hatua kumi kati yetu. Nilijenga kwa akili zangu zote. Kila mstari nililaza pimamaji, ncha nyekundu kushoto, nikasubiri kiputo kitulie katikati, nikagonga tofali, nikasubiri tena. Sijawahi kuwa makini hivyo. Chai anatundika kijiwe chake, anafumba jicho, anaimba pambio. Nilimwonea huruma.

Mistari saba. Nikarudi nyuma nitazame. Nikaona kitu si sawa na kona ya Chai. Kona yake imeinuka upande wa kushoto! Nikanyamaza, sikutaka kumwaibisha.

Nyapara akaja. Akalaza pimamaji yake juu ya kona ya Chai. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akailaza juu ya yangu. Kiputo chake kikakimbia kama kimeitwa. Akatoa msumari mfukoni, wa mviringo, akauweka juu ya mstari wangu wa saba. Ukabingirika hadi kushoto ukaanguka. Mafundi walikuwa wamekusanyika. Mmoja akasema Karai amejenga mteremko wa watoto. Mwingine akaomba apande.

Nikapinga. Nikaleta yangu, nikailaza mbele yao: kiputo katikati! Nyapara akaishika ile ile, akaigeuza, ncha nyekundu kulia, akailaza palepale. Kiputo kikaruka upande hadi mwisho wa kioo. Akasema pimamaji ya kweli ukiigeuza inasema neno lilelile, hii yako inadanganya. Akauliza imeanguka wapi. Nikasema haijaanguka popote, na kwamba mwenye kosa ni yeye aliyeigeuza, maana nyekundu hukaa kushoto.

Mwiko amepewa Chai. Akaupokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, akaja kunikumbatia akaniita ndugu yangu mpendwa, na mbaya zaidi alimaanisha. Nilimpa mkono. Kisha nikabomoa kona yangu mwenyewe, tofali kwa tofali, maana nyapara alitaka matofali yake. Hakuna aliyenisaidia. Kusaidia ndiyo kazi yangu.

Nimekaa nikifikiri. Siku mia nimefanya kazi nikiwa nimeonja, na hakuna aliyeniambia nimemwaga karai. Siku moja nikafanya kazi mkavu, ukuta ukalala. Mwenye macho haambiwi zaidi.

Kunywa leo: nafidia.


Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kumwona Rais. Amekaa kitandani, amekonda kwa siku mbili, anatazama dari. Wenzake hawajaja. Sindano amekuja mara tatu, ameacha chungwa.

Akaniambia, "Mjomba, wiki tatu za kwanza chuoni hakuna aliyenisalimia. Hata wa kitanda cha juu." Wiki ya nne akameza chupa mbele ya watu. Kesho yake akasalimiwa na watu arobaini. Akasema sasa anaogopa. Akiacha, nani atamjua? Nikamwambia mimi nitamjua. Akauliza kwa jina gani. Basi akaniambia jina lake, lile alilopewa na mama yake. Jina zuri. Siliandiki hapa, Daktari atasoma. Akauliza na langu. Nikamwambia. Nilisita kidogo kabla ya kulitamka, kama mtu anayetafuta ufunguo. Tukakaa hivyo, watu wawili wenye majina.

Nikamwambia akitoka tutasherehekea. Akageukia ukutani. Bado ni mgonjwa.

Nimerudi kambini na hila. Leo kazini hapana mtu. Nimeazima mwiko wa Chai (amenipa bila kuuliza, ndivyo walivyo waliookoka), nikasimama kando ya kona yake, nikaegemea kidogo kifundi fundi, mlinzi akanipiga picha kwa simu yangu. Nimemtumia shemeji. Wiki zote hizo alizonisumbua! Nione sasa atasema nini.

Shemeji amejibu: ukuta umenyooka, mbona wewe umeinama?


Jumatatu, 11 Machi

Daktari hakunipa nafasi ya kujificha. Alinisubiri kwenye lango la jengo, akanichukua mbele ya nyapara, nimebeba karai. Akasema, "Naomba dakika kumi na kaka huyu." Kaka! Mafundi wakaacha kugonga.

Ofisini akanipa kiti chenye mto. Sikukaa, kwa sababu ya zege. Akasisitiza. Nikakaa kwenye ncha.

Alisema alijua tangu siku ya kwanza kwamba mimi si mwanafunzi. Karatasi yangu ilikuwa na alama ya kidole cha saruji, ikaganda, hakuweza kuikunja. Utafiti ni wa wanafunzi, kwa hiyo hawezi kunihesabu. Lakini akasema hakuweza kuitupa pia, kwa sababu hakuna aliyejibu kwa ukweli kama mimi. Nikamshukuru. Nikamwambia ndiyo maana nikaongoza.

Hapo akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba ule haukuwa mtihani wa kufaulu. Kadiri alama zinavyopanda, ndivyo hatari inavyopanda. Mtu akifika ishirini tu wanaanza kumhofia. Sindano mwenye tatu ndiye aliye salama. Alisema tena, polepole, kama anayemwelekeza mtu njia: thelathini na moja maana yake pombe inanila. Akauliza kama nimemwelewa.

Nimemwelewa vizuri sana. Ni mama mwema, hataki wale wa kumi na mbili wajisikie vibaya. Kila mwalimu hufanya hivyo. Shemeji mwenyewe huwaambia wa mwisho darasani kwamba namba si kitu.

Akasema kuna kikundi kila Alhamisi alasiri, chumba kilicho karibu na maktaba. Watu sita. Wanaongea juu ya pombe na juu ya wao ni nani bila hiyo. Rais amekubali kuja, ametia sahihi kwa jina lake halisi. Sindano atakuwepo kusaidia. Akasema kuna nafasi moja, na si lazima uwe mwanafunzi. Kutakuwa na chai. Hilo la chai nimelisamehe.

Watu sita, chuo kizima! Na mimi ni wa saba! Nimemwandikia shemeji: nimechaguliwa kujiunga na kikundi maalumu cha chuo, wanapokea wachache sana, wenye alama za juu tu. Bado hajajibu. Mke wangu ndiye aliyepiga. Akaniuliza kama nakula. Nikamwambia nimeingia chuo. Akasema, "Baba watoto, niambie tu kama uko sawa." Nikamwambia subiri nikapime.

Daktari anataka niende na daftari hili Alhamisi. Nitang'oa kurasa chache kwanza. Zote, isipokuwa ule wa juu wenye mistari ya "Mimi ni". Nimeijaza yote sasa. Wa tano: Mimi ni msomi. Wa sita: Mimi ni fundi aliyeonewa. Wa saba hadi wa tisa nimeandika jina langu mara tatu, maana limenikaa mdomoni tangu jana. Wa kumi nimeandika: Mimi ni mzima. Nitakwenda na pimamaji pia, niwapime hao sita kabla hawajaanza kuongea. Nyapara aseme apendavyo. Na mwiko mwingine ukipatikana, sitarudia kosa la Jumamosi. Vikombe viwili asubuhi, mkono utulie.

Leo naanza mazoezi. Kunywa leo: kimoja cha kikundi, kimoja cha Rais apone haraka, kimoja cha wa nyumbani. Na hiki.

Nimelaza pimamaji juu ya meza hii, nyekundu kushoto, kama nilivyofundishwa. Kiputo kiko katikati. Katikati kabisa! Miaka yote naitukana meza ya watu, kumbe imenyooka kuliko kitu chochote kambini hapa. Mtu akitaka ushahidi, aje aone.

Kalamu imeanguka tena. Kalamu ya kijinga.